Mwachieni mpangaji karo na kamba ya nguo

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji. Mimi ni mzaliwa wa Ngamiani, Tanga. Tangu 2019 naishi Fort Worth, jimbo la Texas, Marekani, pamoja na mume wangu na watoto watatu, na kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea. Gazeti lenu nalisoma kwenye simu kila nikipata mapumziko kazini.

Kilichonifanya niandike ni picha aliyonitumia mdogo wangu. Yeye ni fundi bomba, na wenzake wanamalizia jengo la fleti Kijitonyama, Dar es Salaam. Ramani ya kwanza ilikuwa na ua wa nyuma wa kuanikia nguo, na kila fleti ilikuwa na karo la kufulia pembeni ya jiko. Mwenye jengo amebadilisha mawazo. Ua umekuwa maegesho ya magari, mabomba ya makaro yameng'olewa, na ghorofa ya chini kumetengwa chumba cha mashine za kufulia za kulipia, ambazo wapangaji wote watazitumia kwa zamu. Kuanika nguo kwenye roshani kutakuwa marufuku, na hilo limeshaandikwa kwenye mkataba. Mdogo wangu aliniandikia akiwa na furaha kabisa: "Dada, sasa na sisi tumekuwa kama huko kwenu."

Ujumbe ule ulinikuta nimekaa juu ya kikapu cha nguo kwenye chumba cha kufulia cha hapa tunapoishi, saa tatu usiku, nasubiri mashine ya mtu mwingine imalize. Nikaona nisimjibu yeye peke yake.

Hapa tupo fleti 96. Chumba cha kufulia kina mashine sita za kufua na sita za kukausha. Siku nyingi za kufua zinazofanya kazi ni nne, na mbili zimebandikwa karatasi. Zote ni za sarafu ya senti 25, ile ambayo sisi Waswahili wa huku tunaiita kota. Kufua mzigo mmoja ni dola 2 na senti 25, yaani kota 9. Kukausha ni dola 2, kota 8. Tulipohamia, kufua kulikuwa dola 1 na nusu. Bei imepanda mara tatu tangu hapo, na mara zote tatu tumeikuta tu imebandikwa mlangoni, bila barua wala kikao.

Nyumba yangu ina watu watano. Mimi nafua sare za kazi peke yake kwa sababu natoka nazo kwa wagonjwa, mume wangu yuko kwenye ghala la mizigo na anarudi na vumbi, na watoto ni watoto. Kwa wiki hatupungui mizigo sita. Hiyo ni kota 102. Sarafu moja ina gramu 5.67, kwa hiyo kila wiki nashuka ngazi na zaidi ya nusu kilo ya chuma mkononi. Kwa wiki nne ni dola 102, kama shilingi laki mbili na nusu za nyumbani. Kima cha chini cha mshahara Texas ni kile cha taifa, dola 7 na senti 25 kwa saa, na hakijaongezwa tangu Julai 2009. Mtu wa kima hicho mwenye familia kama yangu anafanya kazi saa 14 kila wiki nne ili nguo zake ziwe safi tu, na hapo sijahesabu sabuni wala kodi ya mapato. Wala sijahesabu mashine ya kukaushia namba 4, ambayo joto lake limeshakufa na nguo za jinzi huzitoa mbichi, ukalipa mara ya pili.

Halafu kota zenyewe hazipatikani hivihivi. Mashine haitoi chenji. Ukutani kulikuwa na kisanduku cha kuvunja noti, kiliharibika mwaka wa kwanza wa kukaa kwetu, wakaja wakakibeba na hakikurudi. Dukani mwenye kaunta anakwambia kota zake ni za wateja. Inabidi uende benki, ukakae foleni, ununue vile vifurushi vya karatasi vyenye kota 40, dola 10 kila kimoja. Kwa wiki mimi nahitaji viwili na nusu. Mwaka 2020 wakati wa korona ilikuwa balaa. Maduka yalifungwa, sarafu zikalala kwenye mitungi na droo za watu, na ilipofika Juni Benki Kuu ya Marekani ikaanza kuwagawia mabenki sarafu kwa mgao. Tawi la karibu na sisi likawa linatoa kifurushi kimoja kwa mteja. Nakumbuka nilikwenda na mume wangu tukasimama foleni mbili tofauti ili tupate viwili.

Nieleze kisa kimoja ambacho bado kinaniuma. Mwaka 2022 serikali ya Marekani ilianza kutoa kota zenye picha za wanawake, na wa kwanza alikuwa Maya Angelou, mwandishi mweusi, amenyanyua mikono, nyuma yake ndege anaruka na jua linachomoza. Binti yangu mkubwa alipewa moja na mwalimu wake shuleni. Aliiweka kwenye kijisanduku cha hereni, akawa anaitoa kuwaonyesha wageni. Jumapili moja usiku nilikuwa na sare zangu mbili zimeshafuliwa, zimelowa, na kesho yake naingia kazini saa kumi na mbili asubuhi. Nikahesabu kota, saba. Nikatafuta chini ya makochi, kwenye gari, kwenye mifuko ya suruali za mume wangu. Saba. Nikagonga milango miwili ya majirani, hawana. Chumba kinafungwa saa nne. Binti yangu alikuja mwenyewe jikoni, akaniwekea ile kota kwenye kiganja, akasema, "Chukua mama, nitapata nyingine." Niliitia. Tangu siku ile kila nikivunja kifurushi nageuza sarafu moja moja kuangalia picha, na ya Maya Angelou sijaiona tena. Najua kuna wasomaji watakaosema ni senti 25 tu. Kwangu mimi haikuwa senti 25.

Mwaka jana nusu ya mashine zilifungwa kifaa cha kulipia kwa simu. Tulifurahi, tukajua mambo ya kota yamekwisha. Kumbe unatakiwa uweke kwanza dola 10 kwenye programu yao, chini ya hapo haipokei. Kufua na kukausha mara mbili ni dola 8 na nusu. Inabaki dola 1 na nusu, ambayo haitoshi kufua wala kukausha. Ukitaka kuitumia, weka tena dola 10. Kwa hiyo kila mpangaji ana vijisenti vyake vimelala huko siku zote, na hakuna kitufe cha kuvirudisha. Simu ikikosa mtandao mle chini, mashine haikujui kabisa, hata kama pesa zako wanazo.

Wakati mmoja mashine ilimeza kota zangu 9 na haikuwaka. Nilikwenda ofisi ya jengo. Dada wa mapokezi alinijibu kwa adabu kwamba mashine si za kwao, nipige namba iliyo kwenye stika. Hapo ndipo nilipoelewa mambo yanavyokwenda. Mashine ni za kampuni, kampuni ina mkataba na mwenye jengo, na kile kinachokusanywa kwenye masanduku wanagawana. Mpangaji ambaye ndiye anayelipa hayumo kwenye mkataba huo hata kwa mstari mmoja. Nilipiga, nikazungumza na sauti ya kurekodiwa, nikatoa namba ya mashine, tarehe, saa na anwani. Baada ya wiki saba ikaja hundi ya dola 2 na senti 25 kwa posta. Ofisi inakuelekeza kwa kampuni, kampuni inakuelekeza kwa kinasa sauti, na mashine ipo palepale, kesho yake inameza za mwingine.

Kuna jambo jingine ambalo naandika nikijua si kila msomaji litamgusa. Majirani zetu wengi wanafuga mbwa, na ni haki yao. Blanketi za mbwa wanazifua kwenye mashine hizihizi, na manyoya unayakuta ndani ya pipa. Sisi tuliosoma madrasa Tanga tunajua najisi ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Nguo zangu za kuswalia na kanzu ya mume wangu siwezi kuzitia mle. Nazifua kwa mkono kwenye bafu, nimepiga magoti, na nazikausha kwenye fimbo ya pazia. Kanga alizonipa mama wakati naondoka nilizitia mara moja tu. Aliyetangulia alikuwa amefua kwa dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, ikabaki kwenye mashine, na kanga yangu ya kisutu ikatoka na mabaka ya rangi ya chai. Halafu ukichelewa dakika tano, mtu asiyekujua anatoa nguo zako na kuziweka juu ya mashine chafu. Nimewahi kuingia nikamkuta mwanamume ameshika nguo zangu za ndani, anazihamisha. Aliniomba radhi. Nami sikuwa na la kumwambia, kwa sababu zamu yake ilikuwa imefika na yeye pia amelipa.

Lakini lililo zito kuliko yote ni la jua. Texas wakati wa kiangazi joto linapita nyuzi 38, siku baada ya siku. Shuka ukilianika nje saa nne asubuhi, kabla ya adhuhuri limekauka. Na sisi tunafungia nguo ndani ya mashine ya joto, tunalipa dola 2, jua likiwa linawaka dirishani. Mkataba unakataza kuanika chochote kwenye roshani, eti jengo lisionekane vibaya. Ghorofa ya chini yetu kuna mama wa Kikongo, mtu wa Fizi, ambaye alikaa miaka mingi kambi ya Nyarugusu kule Kigoma kabla ya kuletwa huku. Ana watoto sita. Yeye alikuwa anafua kwenye bafu na kuanika juu ya chuma cha roshani, vitenge vimenyooka vizuri, hakuna aliyeudhika. Siku moja alinigongea na karatasi mkononi, nimsomee. Ilikuwa onyo: akirudia atatozwa dola 50. Nilipomfasiria alinyamaza kidogo, akaniuliza, "Sasa dada, hapa jua nalo ni la kulipa?"

Siku hizi anaanika chumbani kwa watoto. Madirisha hayafunguki vizuri, na ukutani kumeanza kuota ukungu. Karatasi nyingine itakuja kwa ajili ya ukungu, naijua. Wapo Wamarekani ambao jambo hili limewakera vilevile. Jimbo la Florida lina sheria inayokataza watu kupigwa marufuku kamba za nguo. Sisi huku hatujasikia mtu akitutetea hivyo.

Nisieleweke kwamba nazikataa mashine. Mama yangu alitufulia watoto saba kwa mikono, kwa sabuni ya mche, na mgongo wake leo haunyooki. Nguo alikuwa akizianika juu ya michongoma, na sisi tukitumwa kuzianua mvua ikitisha. Mashine ningempelekea hata kesho. Wala sina ugomvi na kulipia. Mji huu wa Fort Worth ndiko lilikofunguliwa, Aprili 1934, duka linalohesabiwa la kwanza Marekani la kukodisha mashine za kufulia, watu wakilipa kwa saa. Watu wa Texas mpaka leo maduka hayo wanayaita washateria. Februari 2021, ile baridi kali ilipokata umeme na kupasua mabomba, chumba chetu kilifungwa wiki tatu, nikawa naenda washateria ya barabara ya pili. Bei yake ilikaribiana na ya kwetu. Lakini mama mwenye duka yupo, amekaa kwenye meza na kopo la kota, anakuvunjia noti hapohapo. Mashine ikikataa, anakuja na ufunguo, anaifungua, anakurudishia pesa yako mkononi na kukuhamishia nyingine. Na nisiporidhika naye, kuna duka jingine mbele. Kwenye jengo la kupanga huna duka jingine. Ndiyo maana wanaweza kupandisha bei kwa kubandika karatasi.

Sasa nirudi Kijitonyama. Huku mimi nikichoka, mkataba wangu ukiisha naweza kuhama. Dar es Salaam mpangaji anatoa kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima mkononi kabla hajaingia. Akishaingia, mashine ikipanda bei mwezi wa pili ataenda wapi? Umeme ukikatika siku mbili, na karo hakuna, sare za watoto zitafuliwa wapi? Maji yakiwa ya mgao, mtu mwenye karo anakinga kwenye ndoo na madumu usiku, anafua alfajiri. Mashine haifui kwa maji ya dumu.

Kuna na wale kina mama wanaopita nyumba kwa nyumba kufua kwa malipo. Nilipokaa Sinza kabla ya kuja huku, alikuwapo mmoja aliyekuja kila Jumamosi, anatokea Manzese kwa miguu. Alikuwa na beseni lake na anajua nguo ipi inachuja rangi. Kwa kazi hiyo alisomesha watoto wawili mpaka kidato cha nne. Katika jengo lisilo na karo wala kamba, mama yule hana pa kuweka beseni. Ile pesa aliyokuwa anaipata itaingia kwenye tundu la mashine, na mgao wake utaenda kwa mwenye jengo ambaye kodi ameshaipokea. Hili naomba wenye majengo walifikirie kwa dhati, kwa sababu picha inayotumwa kwenye simu haimwonyeshi mama huyo.

Mwenye jengo kama anataka kuweka mashine, aziweke. Ila makaro ayarudishe, na paa lile la zege afunge kamba. Mdogo wangu anasema juu kuna nafasi ya kutosha, kuna tangi la maji tu na dishi moja. Vyuma vya kufungia kamba fundi wa kuchomelea anavimaliza kwa siku moja, vikiwa na ukuta wa kiuno pembeni kwa usalama wa watoto. Bei ya mashine iandikwe kwenye mkataba wa kodi na isibadilike mpaka muda wa kodi uliolipwa uishe. Na awepo mtu wa jengo, mwenye jina na ufunguo, wa kumrudishia mpangaji pesa yake siku ileile mashine ilipoila.

Mabomba ya makaro yameng'olewa, lakini mdogo wangu amenihakikishia kwamba vigae havijawekwa. Akiambiwa wiki hii, anayarudisha bila kuvunja kitu. Akiambiwa mwezi ujao itabidi apasue ukuta. Kama mwenye jengo hilo anasoma gazeti hili, au kuna mtu anayemfahamu, namwomba amfikishie barua yangu kabla fundi wa vigae hajaingia.

Msomaji wenu,
Mzaliwa wa Ngamiani,
Fort Worth, Texas, Marekani